Folda Tupu Haisemi Kwa Nini Ni Tupu

Asubuhi moja kompyuta yangu ya nyumbani ilikataa kunipokea. Niliandika nenosiri, skrini ikawa nyeusi kwa sekunde moja, kisha ukurasa ule ule wa kuomba nenosiri ukarudi kana kwamba sijaandika chochote. Nilirudia mara tatu, kila mara nikibonyeza herufi kwa uangalifu zaidi, kama mtu anayebisha hodi kwa jamaa aliyenuna. Nilizima kompyuta, nikaiwasha upya, hali ikawa ile ile. Mwishowe nilibonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, nikaingia kupitia skrini ya maandishi matupu ambayo Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, huwa nayo muda wote nyuma ya pazia, na huko nenosiri lilikubaliwa bila ubishi. Amri ya df -h ilinipa jibu kwa mstari mmoja: diski ya mfumo, ambayo jana yake ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 200 zilizo wazi, ilikuwa imejaa kwa asilimia 100, na eneokazi halikuweza kuandika hata vile vijifaili vya muda linavyovihitaji ili lifunguke.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba sikuweza kukiona hicho kilichoijaza diski. Amri ya du, ambayo hupita folda baada ya folda ikijumlisha ukubwa wa mafaili, ilisema kwamba vyote vilivyomo havifiki hata nusu ya diski. Df, ambayo huuliza mfumo wa mafaili wenyewe, ilishikilia kwamba hakuna nafasi iliyobaki. Mashahidi wawili, wote wakweli, wakatoa maelezo yasiyopatana. Ilinichukua karibu saa nzima kukumbuka nilichofanya jioni iliyotangulia: nilikuwa nimekizima kifaa changu cha hifadhi ya mtandao, yaani sanduku la diski ambalo kompyuta hulifikia kupitia ruta, ili nikihamishie kwenye rafu nyingine, nikalala bila kukiwasha. Saa nane usiku kompyuta ilianza kazi yake ya kila siku ya kunakili picha na nyaraka kutoka kwenye diski yake ya pili, ile kubwa, kwenda /mnt/hifadhi. Folda ya /mnt/hifadhi ilikuwepo. Haikuwa na kitu ndani yake, lakini ilikuwepo, na rsync, programu inayofanya kazi hiyo ya kunakili, ilipoikuta tupu haikuona ajabu yoyote. Iliona tu kwamba ina kazi kubwa mbele yake, ikaanza tangu picha ya kwanza, ikiandika kila kitu kwenye diski ndogo ya mfumo mpaka diski ikashiba.

Asubuhi nilikiwasha kifaa kabla sijagusa kompyuta, na nilipoiwasha kompyuta upya hifadhi ikapachikwa mahali pake kama kawaida, yaani juu ya folda ile ile. Hapo ndipo mafaili ya usiku yalipofunikwa. Linux haina herufi za diski kama zile C: na D: za Windows. Ina mti mmoja tu wa folda unaoanzia kwenye mkwaju (/), na kila hifadhi nyingine, iwe ya USB au iliyo chumba cha pili, hupachikwa kwenye tawi mojawapo la mti huo. Kupachika ni kama kutandika mkeka: kilichoanguka sakafuni kabla ya kutandika bado kipo, ila hutakiona mpaka uukunje. Niliandika umount /mnt/hifadhi, nikaandika ls, na picha zangu zote zikajipanga mbele yangu, nakala ambazo hakuna aliyeziomba. Asiyeweza kukunja mkeka kwa sababu unatumika anaweza kuchungulia chini yake kwa kuipachika diski ya mfumo mara ya pili mahali pengine, kwa amri ya mount --bind / /mnt/chini, kisha aangalie ndani ya /mnt/chini/mnt/hifadhi. Sikuijua njia hiyo siku ile.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu, baada ya miaka kadhaa ya kuishi na hifadhi ya mtandao, naona kwamba matatizo yangu karibu yote yanatoka kwenye chanzo kimoja. Hifadhi hii imetengenezwa ili programu zisijue kwamba ni ya mtandao. Programu ya kuhariri picha haiulizi diski iko wapi. Hufungua faili, husoma, huandika, hufunga. Raha yote iko hapo, na balaa lote liko hapo pia, kwa kuwa programu isiyojua kwamba kuna kebo haiwezi kujua kwamba kebo imechomoka.

Ahadi hiyo ya kuufanya umbali usionekane si ya juzi. Kampuni ya Sun Microsystems ilitengeneza NFS, itifaki ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao, mwaka 1984, ili kompyuta zisizo na diski kubwa zitumie mafaili yaliyo kwenye seva kana kwamba ni yao. Toleo la 2 la itifaki hiyo lilielezwa hadharani mwaka 1989, la 3 mwaka 1995, na la 4, ambalo kwa kawaida hupitia mlango mmoja tu, namba 2049, na hivyo kurahisisha maisha ya kila mwenye ukuta wa kinga, likaanza kuelezwa mwaka 2000. Ndugu yake wa upande wa pili ni SMB, iliyozaliwa IBM katika miaka hiyo hiyo ya 1980 na kulelewa na Microsoft mpaka ikawa lugha ya kawaida ya kompyuta za Windows. Linux iliweza kuzungumza lugha hiyo kupitia kazi iliyoanzishwa na Andrew Tridgell, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu huko Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alipolazimika kuibadilishia programu yake jina, alitafuta kwenye orodha ya maneno ya kompyuta neno lenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo, likatoka Samba.

Watu wanaoanza huuliza wachague ipi, na majibu wanayopewa huwa marefu kuliko inavyostahili. Nyumba yenye kompyuta za Linux peke yake itumie NFS. Nyumba iliyochanganya Linux, Windows na simu itumie SMB. Vifaa vingi vya hifadhi hutoa folda moja kwa njia zote mbili kwa wakati mmoja, na ndivyo nilivyofanya kwa muda, mpaka nilipogundua kwamba faili lenye alama ya nukta mbili (:) ndani ya jina lake, kama zile picha za skrini zinazobeba saa na dakika, lilipoandikwa kupitia NFS lilionekana kwenye kompyuta ya Windows likiwa na jina la herufi chache zisizoeleweka zenye kiwimbi (~) katikati. Windows hairuhusu nukta mbili ndani ya jina la faili, kwa hiyo Samba hulibatiza jina jipya. Sasa naandika saa kwa vistari.

Kuna pia njia ya tatu isiyo na jasho, yaani kufungua kidhibiti cha mafaili na kuandika smb:// ikifuatiwa na jina la kifaa. Inafaa sana kwa mtu anayetaka kuchukua faili moja na kuondoka. Haifai kwa kazi ya kudumu, kwa sababu hifadhi iliyofunguliwa hivyo huwekwa ndani ya /run/user, huonekana kwako peke yako, na hutoweka ukitoka kwenye eneokazi. Kazi ya saa nane usiku haitaikuta.

Kifaa changu cha kwanza nilikirithi kikiwa kimeshazeeka, na kilinipa somo la mapema kuhusu ukweli wa ujumbe wa makosa. Kilikuwa kinawaka, taa zake zilimetameta, ukurasa wake wa mipangilio ulifunguka kwenye kivinjari, na amri ya ping, inayouliza tu kama kifaa kipo, ilipata jibu lake mara moja. Hata hivyo kila nilipojaribu kukipachika, Linux ilijibu: mount error(112): Host is down. Seva imezimika, kwa maneno yao. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha tundu la ruta, nikamlaumu kila asiyehusika. Sababu ilikuwa kwamba kifaa kilijua toleo la kwanza la SMB peke yake, na keneli, yaani kiini cha Linux, tangu toleo la 4.13 la mwaka 2017, haianzi tena mazungumzo kwa toleo hilo. Yaani pande mbili zilikuwa macho na zimekaa uso kwa uso, ila hazikupata lugha ya kusalimiana, na mmoja akahitimisha kwamba mwenzake amekufa. Kuongeza vers=1.0 kwenye amri kulimaliza tatizo kwa dakika moja, na dakika iliyofuata nilikiondoa kifaa kwenye mtandao. SMB ya kwanza ndiyo iliyopitiwa na WannaCry mwezi Mei 2017, virusi vilivyofunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia, na sikutaka kuubakiza mlango huo nyumbani eti kwa kuwa kifaa bado kinapumua.

Kifaa kilichofuata kina diski mbili zenye maudhui sawa, na nilikiunganisha na ruta kwa kebo. Kwa wiki mbili za mwanzo niliamini kwamba hifadhi za mtandao ni za polepole kwa asili yake. Kunakili gigabaiti 60 za video kulichukua kama saa moja na nusu, na kidhibiti cha mafaili kiliganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde bila kupanda wala kushuka. Kasi isiyopanda wala kushuka ndiyo iliyonishtua. Diski iliyochoka huyumba. Wi-Fi huyumba zaidi. Lakini kasi iliyonyooka namna hiyo ni ya kitu kilichofikia kikomo chake. Mtandao wa megabiti 100 hauwezi kubeba zaidi ya megabaiti 12 na nusu kwa sekunde, na ukitoa gharama za njiani unabaki na 11 hivi. Niliandika sudo ethtool nikifuatisha jina la kadi yangu ya mtandao, na mstari wa kasi ukasoma 100Mb/s wakati kadi, ruta na kifaa vyote ni vya gigabiti.

Mwenye hatia alikuwa kebo. Ndani ya kebo ya mtandao kuna jozi nne za nyaya. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ilhali gigabiti moja huzihitaji zote nne. Jozi moja ikikatika, pale kebo ilipobanwa na mguu wa meza kwa mfano, kadi mara nyingi hushuka kimya kimya kwenye kasi ambayo jozi zilizobaki zinaiweza. Taa inaendelea kuwaka, intaneti inaendelea kufunguka, na mwenye kompyuta anaendelea kulaumu diski. Nilipobadilisha kebo, gigabaiti zile 60 zilipita kwa takriban dakika tisa, kwa kasi ya megabaiti 110 na ushee kwa sekunde, ambayo kwa gigabiti moja ndiyo karibu na mwisho wa reli.

Kebo nzima haiponyi kila kitu, lakini. Folda yenye mafaili madogo elfu 20 itakwenda taratibu hata kwenye mtandao mzuri, kwa kuwa kila faili hudai safari kadhaa za kwenda na kurudi: kuuliza kama lipo, kulifungua, kuliandika, kuweka tarehe na ruhusa zake, kulifunga. Kila safari ni fupi mno, ila zikizidishwa mara elfu 20 zinakuwa kusubiri. Nikiwa na mradi wa zamani wenye vipande vingi, huufunga kwanza kuwa faili moja kwa tar, kisha ndipo huupeleka.

Jambo lililonisumbua kwa muda mrefu kuliko yote ni la utambulisho, na naliona kuwa ndilo linalowavunja moyo wengi wanaojaribu NFS kwa mara ya kwanza. Nilipachika folda, nikaona mafaili yangu, nikajaribu kuhariri moja, nikaambiwa sina ruhusa. Jina langu kwenye kompyuta na jina langu kwenye kifaa yalikuwa sawa, herufi kwa herufi. Niliandika ls -l, na mahali pa jina la mwenye faili nikakuta namba: 1026.

Namba hiyo ndiyo mimi, kwa mtazamo wa kifaa. Linux haimtambui mtu kwa jina. Jina ni pambo la kumsaidia binadamu, na chini yake kuna namba. Mtumiaji wa kwanza kwenye matoleo mengi ya Linux ya nyumbani hupewa 1000, na kifaa changu kilikuwa kimenipa 1026. NFS katika hali yake ya kawaida hubeba namba hiyo na seva huiamini, bila nenosiri lolote. Kompyuta ikisema anayeomba ni 1000, seva humtafuta 1000 wake, na asipokuwepo anabaki mgeni. Mambo yalizidi kuwa ya ajabu nilipoongeza kompyuta ndogo ambayo mimi ni mtumiaji wa pili, hivyo kuwa 1001. Nilikuwa watu watatu. Nyaraka nilizoandika sebuleni sikuweza kuzifuta nikiwa chumbani, na kutumia root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, hakukusaidia, kwa kuwa seva kwa desturi humvua root mamlaka yake na kumfanya nobody, namba 65534, ili mwenye kompyuta yoyote iliyochomekwa kwenye ruta asijigeuze mwenye seva.

Wapo wanaotatua jambo hili kwa kulinganisha namba kwenye kompyuta zote, na ndiyo njia safi zaidi pale ambapo watu kadhaa wanatumia hifadhi moja na kila mmoja anastahili faragha yake. Mimi natumia hifadhi yangu peke yangu, kwa hiyo nilichagua njia ya mvivu: kwenye mipangilio ya kifaa niliweka all_squash pamoja na anonuid=1026, yaani yeyote anayeandika kutoka kwenye kompyuta zangu mbili zilizoorodheshwa, awe na namba gani, ahesabiwe kuwa mimi. Kwa SMB shida hii hugeuka upande. Huko seva humtambua mtu kwa jina na nenosiri, na kompyuta ndiyo inayoambiwa mafaili yaonekane kuwa ya nani, kwa uid=1000 na gid=1000. Anayesahau kuandika hivyo hukuta kila kitu ni mali ya root. Nenosiri lenyewe lisiwekwe ndani ya /etc/fstab, faili linaloorodhesha hifadhi za kupachikwa, ambalo kila mtumiaji wa kompyuta anaweza kulisoma. Liwekwe kwenye faili la pembeni lenye ruhusa 600, yaani lisomwe na mwenyewe tu, na fstab lielekezwe huko kwa neno credentials.

Sasa nirudi kwenye kebo iliyochomoka. NFS ikipoteza seva yake, kwa kawaida haitoi kosa, husubiri. Programu iliyokuwa inaandika huganda, df huganda kwa sababu inaiuliza kila hifadhi hali yake, na ukiangalia orodha ya kazi unaziona zikiwa na herufi D, ile hali ya usingizi ambayo mtu hawezi kuzigutusha kwa Ctrl na C. Mtu akikutana na hali hii kwa mara ya kwanza huichukia, na mtandaoni atashauriwa aweke neno soft kwenye mipangilio ya upachikaji, ili baada ya muda programu ipewe kosa iendelee na mambo yake. Nilifuata ushauri huo nikaujutia. Programu nyingi hazikuandikwa kutarajia kwamba diski itakataa katikati ya sentensi. Nyingine hupuuza kosa, zikafunga faili, na ukabaki na waraka uliokatika mkia huku ukiamini umehifadhiwa. Kuganda kunaudhi, lakini seva ikirudi kazi huendelea pale pale ilipokuwa, kama mtu aliyekatishwa na simu. Nimerudi kwenye hard, ile hali ya kawaida ya kusubiri, na kero ya kuganda nimeipunguza kwa njia nyingine: hifadhi isiyotumika isiwe imepachikwa.

Mstari wangu ndani ya fstab, ambao umetulia hivi kwa miaka miwili sasa, ni huu:

192.168.1.20:/export/hifadhi /mnt/hifadhi nfs noauto,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=600,x-systemd.mount-timeout=30,_netdev 0 0

Anwani ni ya namba, na kwenye ruta nimeagiza kwamba kifaa kipewe namba hiyo hiyo kila kinapowaka, kwa sababu anwani inayobadilika ni chanzo cha nusu ya malalamiko ya watu. Neno la maana hapo ni automount. Kompyuta inapowaka haiitafuti hifadhi kabisa, kwa hiyo hakuna kuwaka kunakosubiri kifaa kilichozimwa; badala yake hutega mtego kwenye /mnt/hifadhi, na yeyote atakayeigusa folda hiyo ndiye anayeamsha upachikaji. Dakika kumi zikipita bila mtu kuitumia, hifadhi hupachuliwa yenyewe. Na seva isipojibu ndani ya sekunde 30, aliyeigusa folda hupewa kosa. Tofauti na siku ile ya diski iliyoshiba ni kubwa: rsync ikikuta mtego usiofunguka, haikuti folda tupu.

Hata hivyo niliongeza kufuli mbili. Ya kwanza ni ya siku ambayo mtego wenyewe haujategwa, labda kwa sababu nimekosea herufi ndani ya fstab. Hifadhi ikiwa imepachuliwa na mtego umezimwa, niliandika sudo chattr +i /mnt/hifadhi, na tangu hapo folda ile tupu iliyo chini ya mkeka haikubali kuandikiwa kitu, hata na root, ingawa bado inakubali kupachikiwa juu yake. Kufuli ya pili iko ndani ya hati ya amri inayoendesha kunakili kwa usiku. Mwanzoni niliiweka amri ya mountpoint iulize kama hifadhi imepachikwa, nikajiona mjanja, mpaka nilipofanya jaribio nikiwa nimekizima kifaa na amri ikajibu kwamba ndiyo, imepachikwa. Haikudanganya, mtego nao ni kitu kilichopachikwa. Ndiyo maana sasa hati hutafuta kijifaili kinachoitwa .nipo, nilichokiweka kwenye kifaa chenyewe na ambacho hakipo mahali pengine popote, na isipokiona huandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu na kuacha.

Yapo mambo ambayo sipeleki kule tena. La kwanza ni hifadhidata. Niliwahi kuweka katalogi ya programu ya kupanga picha kwenye hifadhi ili niitumie kutoka kompyuta zote mbili, na ndani ya mwezi mmoja ikaharibika. Katalogi ile ilikuwa ya SQLite, na SQLite hutegemea kufuli za mafaili ambazo kwenye mtandao haziaminiki kila mahali. Ile namna yake ya kuandika iitwayo WAL hutumia kumbukumbu (RAM) inayoshirikiwa ndani ya kompyuta moja, kwa hiyo kompyuta mbili haziwezi kuishiriki hata zikipendana vipi. Picha zinakaa kwenye hifadhi, katalogi inakaa kwenye diski ya ndani na kunakiliwa usiku. La pili ni folda ambayo programu fulani inaichungulia ikisubiri faili jipya. Keneli huiarifu programu kuhusu mabadiliko yaliyofanywa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Faili lililoandikwa kutoka kompyuta nyingine linaingia bila tarumbeta. Ndiyo sababu ya kubonyeza F5 mara kwa mara ndani ya kidhibiti cha mafaili.

Kuhusu diski mbili zenye maudhui sawa sitasema mengi, ila moja lazima nilirudie kwa sababu bado nakutana na watu wanaolichanganya. Mpangilio huo unakukinga dhidi ya diski moja kufa, basi. Faili ulilolifuta linafutwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja, kwa uaminifu uleule. Nilipata kulishuhudia hilo kupitia rsync, ambayo kwa bahati ni kazi nyingine ya Andrew Tridgell yule yule, akiwa na Paul Mackerras, mwaka 1996. Niliandika --delete, inayoagiza kwamba kisichokuwepo kwenye chanzo kifutwe kwenye nakala, na nikaielekeza kwenye chanzo kisicho sahihi. Kilichoniokoa ni zile snapshot, yaani hali ya mafaili yote kama yalivyokuwa wakati fulani, ambazo kifaa, kinachotumia mfumo wa mafaili wa Btrfs, huzichukua kila saa, nami nikarudisha folda nzima ya saa iliyopita. Tangu siku hiyo agizo lolote lenye --delete hulitanguliza kwa -n, inayoonyesha yatakayofanyika bila kuyafanya. Na nakala nyingine kabisa, iliyosimbwa kwa programu ya restic, iko kwenye diski ya USB ambayo haiko chini ya paa hili.

Watu pia huuliza namna ya kuifikia hifadhi wakiwa safarini, na jibu la haraka la kufungua mlango 445 wa SMB au 2049 wa NFS kwenye ruta ni la hatari, hasa kwa NFS ambayo, kama tulivyoona, huamini namba inayoletewa. Mimi natumia WireGuard, njia iliyosimbwa (VPN) ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani, iliyomo ndani ya keneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, na nikiwa mbali napachika kwa sshfs, inayopitisha mafaili ndani ya muunganisho wa SSH, badala ya NFS, kwa kuwa yenyewe husimba kila inachobeba na inahitaji akaunti ya SSH peke yake.

Mwezi uliopita nilikizima kifaa ili nisafishe vumbi lililoziba feni yake, na safari hii nilikiacha kimezimwa usiku kucha kwa makusudi. Asubuhi nenosiri langu lilikubaliwa mara ya kwanza. Kwenye kumbukumbu za kazi ya usiku kulikuwa na mstari mmoja, wa saa nane na sekunde 31: hifadhi haipo, sijanakili kitu. Amri ya df -h ilionyesha gigabaiti 214 zilizo wazi, sawasawa na jioni ya jana yake. Nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu, nikasubiri diski zianze kuzunguka, kisha nikaiendesha ile kazi kwa mkono.